Besi ya Kijapani ya zamani: ya mwaka gani, ya kiwanda gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ujumbe ninaoupata kuliko wowote una maneno sita: "Fundi, namba ni hii, mwaka gani?" Hauna picha, hauna jina la gitaa, na wakati mwingine hauna hata salamu. Nimekusanya hapa majibu ninayoyarudia kila mara kuhusu magitaa ya besi yaliyotengenezwa Japani tangu miaka ya 1960 hadi mwisho wa miaka ya 1980. Ya baada ya hapo kumbukumbu zake ni nzuri, hayahitaji upelelezi.

Namba ya mfululizo ninayo. Haitoshi?

Haitoshi, na mimi mwenyewe nilishaaibika kwa jambo hilo. Jamaa mmoja alinitumia namba ya Ibanez kwa simu: herufi F, kisha 801234 (tarakimu za mwisho nimezibadilisha). Nikamjibu papo hapo: Juni 1980. F ni herufi ya sita, kwa hiyo mwezi wa sita. 80 ni mwaka. Jamaa akafurahi, akaanza kutaja bei kwa watu. Siku tatu baadaye ikaja picha: mwili mwembamba, kingo zimelainishwa kama kokoto ya mtoni, Soundgear mtupu, modeli ya Ibanez. Na Soundgear ilianza kuuzwa 1987.

Kilichonipotosha ni hiki. Kuanzia katikati ya 1975 Ibanez walitumia herufi ya mwezi, A hadi L, kisha tarakimu mbili za mwaka, kisha tarakimu nne za hesabu ya kiwandani. Ilipokaribia 1987 wakaacha herufi za miezi. F ikawa alama ya kiwanda cha FujiGen, na mwaka ukabaki tarakimu moja tu inayofuata. Mitindo yote miwili ina herufi moja na tarakimu sita, macho hayaioni tofauti. Besi ile ilikuwa ya 1988. Kilichoamua ni umbo, wala si namba.

Tangu siku hiyo namba naisoma mwisho.

Basi nianze kuangalia wapi?

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kutoka kile kipande cha mfupa au plastiki kinachozishika nyuzi pale kichwa kinapoishia, hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), kisha zidisha kwa mbili. Ukipata kama sentimita 86, hiyo ni inchi 34, urefu wa besi za Fender, kampuni ya Marekani. Kama 76, ni besi fupi ya inchi 30, na besi fupi za Kijapani nyingi ni za miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Kuna za katikati pia, inchi 32, karibu sentimita 81.

Pili, geuza nyuma uangalie shingo imeungwaje: kwa skrubu nne na bamba la chuma, kwa gundi, au shingo imepita mwili mzima hadi mwisho, mbao za pembeni zikabandikwa kama mabawa. Ya tatu hii haikuwa kazi ya kila siku Japani kabla ya nusu ya pili ya miaka ya 1970. Mtu akikuambia ana besi ya 1966 yenye shingo ya kupita mwili, mwombe picha kwanza, halafu umpe pole.

Tatu, skrubu. Japani hutumia vipimo vya milimita, Marekani inchi. Kwenye daraja, yaani pale nyuzi zinapoegemea mwilini, vile viskrubu vidogo vya kupandisha na kushusha nyuzi huingia ufunguo wa milimita 1.5 kwenye besi nyingi za Kijapani, na ule wa inchi unacheza au haupiti. Kipimo hiki kimoja kimeshanisaidia kuwatambua "Wamarekani" kadhaa waliozaliwa Nagano. Angalizo: skrubu za msalaba za Kijapani zina kina chao tofauti kidogo, na bisibisi ya msalaba ya kawaida huteleza na kuzila vichwa. Mafundi wa pikipiki wanaijua hadithi hii vizuri. Tafuta bisibisi inayokaa barabara kabla ya kufungua chochote.

Baada ya hayo ndiyo uje kwenye pikapu (vile vifaa vya sumaku vinavyonasa sauti chini ya nyuzi), funguo za kukazia nyuzi, nembo, na mwisho namba.

Jina limeandikwa kichwani waziwazi. Kwa nini unaniuliza kiwanda?

Kwa sababu jina la kichwani mara nyingi ni la muuzaji. Fikiria kanga. Pindoni imeandikwa "K.H.E. – Mali ya Abdulla", jina la mfanyabiashara wa Mombasa, lakini aliyekichapa kitambaa ni mwingine, na kwa miaka mingi kanga nyingi za soko letu zilichapishwa hukohuko Japani. Magitaa nayo ni hivyo hivyo.

Ibanez ni jina la kampuni ya biashara ya Hoshino Gakki ya Nagoya, iliyolichukua kutoka kwa fundi wa magitaa wa Kihispania, Salvador Ibáñez. Aria ni ya kampuni ya Arai, pia ya Nagoya. Pangua herufi za Arai uone. Greco ilikuwa ya Kanda Shokai. Hawa wote walipeleka oda kwenye viwanda vya Matsumoto, katika mkoa wa Nagano. Kiwanda kimoja ni FujiGen Gakki, kilichoanza 1960, kilichotengeneza Ibanez na Greco nyingi na baadaye Fender Japan. Kingine ni Matsumoku, kilichokuwa kikitengeneza makabati ya cherehani za Singer kabla ya kujulikana kwa Aria Pro II, Westone, Vantage, Washburn na Epiphone za Japani. Matsumoku kilifungwa 1987. Kwa hiyo ukiwa na Westone iliyotoka Japani, angalau unajua mlango ulifungwa lini.

Mji wa Hamamatsu ni hadithi nyingine. Huko Yamaha, Kawai na Tokai walikuwa na viwanda vyao wenyewe, na jina la kichwani linaaminika zaidi.

Halafu kuna majina ya waagizaji wa ng'ambo, ambao waliandika walichotaka: Kent, Norma, Kimberly, Silvertone, Univox na mengine mengi. Jina la namna hiyo linakuambia gitaa liliuzwa wapi. Aliyelichonga utamjua kwa pikapu na umbo la kichwa.

Kwa macho tu, naweza kujua muongo?

Ndiyo, ukizoea.

Za miaka ya 1960 zina sura ya uchangamfu kupita kiasi. Januari 1965 bendi ya Marekani ya The Ventures walipiga Japani, vijana wakapagawa na gitaa la umeme, na mwaka uliofuata Beatles wakapiga kwenye ukumbi wa Budokan, Tokyo. Viwanda vikachipuka kama uyoga. Besi za wakati huo ni fupi, mwili mara nyingi ni wa plaiwudi au mti mwepesi, pikapu zimefunikwa bati linalong'aa, swichi zimejipanga kama za redio ya mbao, na pembe za mwili zimevutwa kila upande. Teisco ndio wanaokumbukwa zaidi. Kawai waliwanunua 1967. Mwishoni mwa muongo homa ikashuka na viwanda vingi vikafa, bila daftari wala mrithi wa kuulizwa. Ndiyo maana besi nyingi za kipindi hicho hazitapata mwezi wala siku. "Kati ya 1965 na 1968" ni jibu zuri, likubali.

Mwanzo wa miaka ya 1970 ni zama za kunakili. Kila mtu anataka Precision au Jazz Bass, zote za Fender, au besi za Gibson, kampuni nyingine ya Marekani. Nakala za mwanzo zinafanana na asili ukiziangalia kutoka upande wa pili wa barabara: zile za Gibson shingo zake zimefungwa kwa skrubu badala ya gundi, na chini ya kifuniko cha pikapu utakuta koili nyembamba isiyojaza hata nusu ya nafasi. Mwili mara nyingi ni wa sen, mti wa Kijapani wenye mistari mikubwa kama ya ash, mti unaotumiwa na Wamarekani. Kadiri muongo unavyosonga nakala zinakuwa nzuri, hadi mwishoni baadhi zinawatia wenye asili wasiwasi.

Kuanzia kama 1977 Wajapani wakaanza kujisemea wenyewe, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Yamaha wakatoa BB. Ibanez wakatoa Musician. Aria Pro II wakatoa SB, iliyobuniwa na Nobuaki Hayashi: shingo ya tabaka za mbao iliyopita mwili, freti 24, pikapu moja nene, na kitufe cha kuzungusha chenye sauti sita. Madaraja mazito ya shaba ya manjano, umeme wa betri ndani, vanishi inayoonyesha mti. Ukiona mchanganyiko huo, uko kati ya 1977 na 1985, na fundi aliyeitengeneza hakuwa ananakili mtu.

Katikati ya miaka ya 1980 mbao zinafichwa chini ya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, miili inapungua, na kichwa chenyewe mara nyingine kinatoweka.

Nipe basi namba za kampuni moja moja.

Ibanez nimeshaeleza. Kabla ya katikati ya 1975 kwa kawaida hazina namba.

Greco za katikati ya miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1980 zina mtindo uleule wa herufi ya mwezi na tarakimu mbili za mwaka. Haishangazi, zimetoka kiwanda kilekile.

Aria Pro II na ndugu zake wa Matsumoku: tarakimu ya kwanza, au mbili za kwanza, ndizo mwaka. Tatizo ni hilo "au". Namba inayoanza na 81 inaweza kuwa ya 1981, au ya 1978 iliyoandikwa kwa tarakimu moja. Rudi kwenye nembo, funguo na muundo.

Tokai: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka. Ikianza na 1, ni 1981. Ikianza na 8, ni 1978 au 1988.

Yamaha walitumia namba tupu kwa muda mrefu, na katika miaka ya 1980 wakaanza kuficha tarakimu ndani ya herufi: H ni 1, I ni 2, J ni 3, na kuendelea. Herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Mzunguko unajirudia kila miaka kumi, kwa hiyo J inaweza kuwa 1983 au 1993. Kwa Yamaha jina la modeli lina msaada kuliko namba.

Fender Japan wana mpangilio wao, nitaueleza peke yake hapo chini.

Yangu haina namba popote. Imekwisha?

Ndiyo kwanza inaanza. Bamba la nyuma lenye maneno "Steel Reinforced Neck" na "Made in Japan" bila namba ni la kawaida kabisa kwa magitaa ya bei nafuu ya miaka ya 1960 na 1970. Lilitumiwa na viwanda vingi, kwa hiyo usilifanye ushahidi wa kiwanda chochote.

Legeza nyuzi taratibu, zote, hadi zining'inie. Fungua skrubu nne za shingo, inua shingo bila kuipinda. Angalia mguu wa shingo na shimo lake: kunaweza kuwa na muhuri wa wino, maandishi ya penseli, herufi ya Kijapani ya mkaguzi. Kisha fungua plastiki ya mbele na uangalie chini ya pikapu. Piga picha ya kila kitu kabla hujagusa kingine. Na tafadhali usifute vumbi lenye maandishi kwa kitambaa chenye spiriti. Nimeona mtu akifuta tarehe ya kuzaliwa ya gitaa lake kwa bidii ya usafi.

Nimekuta penseli imeandikwa 54.8.12. Ya 1954?

Hapana, na swali hili nalipenda. Wajapani huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na mara nyingi mwaka wenyewe ni wa enzi ya mfalme. Enzi ya Showa ilianza 1926 ikaisha Januari 1989. Ongeza 1925 kwenye mwaka wa Showa: 54 inakuwa 1979. Kwa hiyo ni tarehe 12 Agosti 1979. Baada ya Showa ikaja Heisei, na hapo unaongeza 1988, hivyo Heisei 2 ni 1990.

Mtego upo pale tarakimu zinapoweza kusomwa kwa njia mbili. 60.3 ni Machi 1960, au Showa 60, yaani 1985? Gitaa lenyewe litakujibu. Besi yenye daraja la chuma kizito, freti 24 na waya wa betri ndani haikutoka 1960.

Kumbuka pia kwamba tarehe hiyo ni ya kipande kimoja. Shingo iliyopigwa muhuri Agosti inaweza kufungwa kwenye mwili Novemba na kuuzwa mwaka unaofuata.

Namba za kwenye volyumu zinasaidia?

Unamaanisha vile vifaa vya mviringo chini ya vitufe, ambavyo mafundi wa redio huviita volyumu hata kama vinashughulikia toni. Kwenye magitaa ya Marekani, ndiyo: 137 ni kiwanda cha CTS, 304 ni cha Stackpole, na tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki. Watu huchukua kanuni hiyo wakaivika volyumu ya Kijapani, wakapata wiki ya 71. Mwaka hauna wiki 71.

Viwanda vya Japani vilikuwa na alama zao, na nyingine hazina tarehe kabisa. Tumia volyumu kwa jambo moja: angalia risasi ya kuunganishia waya. Kama imetulia, imepoteza mng'aro, na waya zote ni za rangi na unene mmoja, basi umeme huenda haujaguswa. Na ukikuta 137 ndani ya Mjapani wa 1976, jua fundi fulani alishapita humo.

Wanasema jina la modeli lina bei ndani yake. Kweli?

Kweli kwa soko la ndani la Japani, na ni moja ya mambo yanayonifurahisha katika kazi hii. Aria Pro II SB-1000 ilikuwa ya yen 100,000. Yamaha BB-1200, yen 120,000. Fender Japan PB62-115: Precision ya mtindo wa 1962, yen 115,000. Tokai LS-80, ambayo ni gitaa la solo, yen 80,000. Mara unaongeza sifuri mbili, mara tatu, lakini ukishajua kampuni unaizoea.

Faida yake ni kwamba unajua mahali pa besi yako katika ngazi. Modeli mbili zinaweza kufanana kama mapacha kwenye picha, moja 45 na nyingine 115. Tofauti ni mti, pikapu na muda fundi alioutumia. Muuzaji anayesema "ni zilezile tu" labda hajazipiga zote mbili.

Kanuni hii usiipeleke kwa modeli za kusafirishwa nje. Ibanez MC924 haikuwa ya yen 924 wala 92,400. Hiyo ni namba tu.

"Lawsuit" maana yake nini, na kwa nini bei inapanda neno hilo likiandikwa?

Lawsuit ni kesi. Tarehe 28 Juni 1977 Norlin, waliokuwa wakimiliki Gibson, walifungua kesi Philadelphia dhidi ya Elger, wasambazaji wa Ibanez Marekani. Shauri lilihusu umbo la juu la kichwa cha gitaa. Ibanez walikuwa wameshaanza kubadilisha vichwa vyao, na 1978 pande mbili zikapatana nje ya mahakama.

Kwa hiyo kesi iligusa Ibanez na kichwa cha mtindo wa Gibson. Haikugusa Precision, haikugusa Jazz Bass, haikugusa Greco, Tokai wala Fernandes. Besi ya mtindo wa Fender inayotangazwa kuwa ya "enzi ya kesi" inauzwa kwa harufu ya mahakama ambayo haikuingia kamwe. Mimi nikiliona neno hilo kwenye tangazo, huanza kuomba punguzo.

Haijaandikwa "Made in Japan". Itakuwa ya Korea?

Si lazima. Sheria ya Marekani inataka bidhaa inayoingia ionyeshe nchi ilikotoka, ndiyo maana zilizopelekwa huko zina maandishi kwenye bamba, kwenye kichwa, au kwenye stika iliyobanduka zamani. Zilizouzwa Japani kwa Wajapani hazikuwa na haja ya kujitambulisha. Kutokuwa na maandishi kunaweza hata kuwa dalili njema: huenda ni ya soko la ndani, na modeli za juu kabisa mara nyingi zilibaki huko.

Nina Fender yenye JV. Nimetajirika?

Umebahatika, tuseme hivyo. Machi 1982 Fender waliungana na Kanda Shokai na Yamano Gakki kuunda Fender Japan, na kazi ya mikono ikaenda FujiGen. Namba za kwanza zilianza na JV, 1982 hadi 1984. SQ ni 1983 hadi 1984, kwenye Squier, jina la Fender la bei nafuu. E ni 1984 hadi 1987. Kisha herufi zinasonga: F 1986–87, G 1987–88, H 1988–89, I na J 1989–90, K 1990–91. Miaka inapandana kwa sababu vipande vilitumika hadi vikaisha. "Made in Japan" iliendelea hadi karibu 1997, ikafuata "Crafted in Japan" kazi ilipohamia viwanda vingine.

Zinazosakwa zaidi ni Squier za mwanzo zilizopelekwa Ulaya, zenye nembo kubwa ya Fender na maneno madogo "Squier series" pembeni ya kichwa. Ni kwa sababu hiyohiyo zinaghushiwa. JV kwenye bamba pekee haina maana kubwa, maana bamba ni skrubu nne tu na linahamishika jioni moja. Fungua shingo. Muhuri wa mguu wa shingo, shimo, pikapu na bamba vyote vinatakiwa vizungumze mwaka mmoja au miwili iliyo jirani.

Ina kutu sana na rangi imepauka. Si dalili ya uzee?

Inategemea imeishi wapi. Chumvi ya pwani huzeesha chuma bila kuuliza umri. Besi ya 1995 iliyokaa Tanga au Mombasa miaka kumi ina skrubu zilizochakaa kuliko ya 1975 iliyolala sandukuni Arusha. Uzee wa kweli utafute mahali ambapo mkono na hewa havifiki: chini ya plastiki ya mbele, ndani ya shimo la shingo. Kama huko rangi ni tofauti na ya nje, imepakwa upya. Kama kuna vumbi la rangi juu ya nyaya, imepakwa upya na mtu mvivu.

Na usiipake tena. Usiing'arishe daraja. Funguo zilizovunjika zihifadhi kwenye bahasha hata ukiweka mpya.

Nadra ni ipi hasa? Kila tangazo linasema "rare".

Besi inaweza kuwa nadra kwa sababu zilitengenezwa chache, au kwa sababu hakuna aliyejali kuitunza. Soko hulipia ile ya kwanza, na zaidi hulipia ile iliyoonekana mikononi mwa mtu maarufu. SB-1000 haikuwa adimu kama watu wanavyodai, lakini Cliff Burton wa Metallica aliipiga, na John Taylor wa Duran Duran alikuwa mtu wa Aria Pro II. Paul McCartney wa Beatles alitumia BB-1200 ya mkono wa kushoto. Peter Hook wa bendi ya New Order alipiga BB1200S. Bei inajua majina haya yote.

Zangu za ndoto ni nyingine. Teisco TB-64, besi ya nyuzi sita yenye tundu la kushikia limetobolewa kwenye mwili. Westone Rail ya Matsumoku: haina kichwa, mwili umekatwa vipande viwili vilivyounganishwa na fimbo mbili za chuma, na pikapu inateleza juu yake unapotaka sauti nzito au kali. Nimeishika moja mara moja tu, haikuwa yangu, na mwenyewe alisimama karibu muda wote.

Besi isiyo na freti inahitaji angalizo. Iliyotoka kiwandani hivyo ni adimu; iliyong'olewa freti kwa koleo nyumbani ni nyingi. Angalia pembeni mwa ubao wa vidole kama nafasi zimezibwa kwa mbao au gundi, na nukta za pembeni zimekaa wapi: za kiwandani mara nyingi ziko pale freti ingekuwa, za kung'olewa zimebaki katikati.

Naagiza kutoka Japani. Nijihadhari na nini?

Ukishawahi kuagiza gari la Japani, tabia unayo: soma karatasi yote, usisome picha. Kwenye matangazo ya Wajapani neno *janku* maana yake inauzwa kama ilivyo, hairudishwi, na mara nyingi hakuna aliyeijaribu. Wakati mwingine ni waya mmoja tu umekatika. Wakati mwingine ni shingo iliyopinda kama upinde, na hiyo ndiyo gharama. Omba picha ya shingo iliyopigwa kutoka kwenye daraja ikitazama kichwa, na uulize kama chuma cha ndani ya shingo bado kinazunguka.

Uliza pia mti wa ubao wa vidole. Rosewood ni ukoo mmoja na mpingo wetu, Dalbergia, na ukoo huo wote uliwekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 2017. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeachiliwa, ila si rosewood ya Brazil, ambayo imezuiwa vikali tangu 1992. Muuzaji anayeandika "Brazilian" ili apandishe bei anakupandishia na maswali ya forodha.

Nataka uniangalizie yangu. Nitume nini?

Picha ya mbele nzima na nyuma nzima. Kichwa pande zote mbili. Bamba la shingo au sehemu ya kiungo. Daraja kwa karibu. Kama umeweza kufungua bila kuharibu, mguu wa shingo, shimo lake, na umeme wa ndani. Urefu kwa sentimita, ule wa kuzidisha kwa mbili. Umeipata kwa nani na alikuwa nayo tangu lini. Mzee aliyeipiga kwenye bendi miaka ya 1980 ana ushahidi ambao hakuna muhuri unaoushinda, muulize angali hai. Namba weka mwishoni.

Piga mchana, karibu na dirisha. Picha za usiku zenye taa ya simu ikimetameta kwenye vanishi sizijibu.